Ali yupi, Tyson yupi?

Barua za wiki hii zimetoka karibu zote hapa Lubumbashi, na nusu yake zinauliza jambo moja. Nianze nalo tulimalize.

Muhammad Ali na Mike Tyson wangekutana, nani angeshinda? (Kijana, Katuba)

Ali yupi? Tyson yupi? Nimeshaandika mara nyingi kwamba bondia hana umri mmoja, na bado mnaniletea majina mawili bila mwaka. Ali aliyemmaliza Cleveland Williams kule Houston, Novemba 1966, alikuwa na miaka 24 na miguu ambayo mimi sijaiona kwa bondia mwingine wa uzito wa juu. Mwaka uliofuata wakamnyang'anya mkanda wa ubingwa kwa sababu alikataa kwenda jeshini, akakaa miaka mitatu na nusu bila pambano. Yule aliyekuja Kinshasa mwaka 1974 kupigana na George Foreman alikuwa na miaka 32, miguu imeshapungua, ndiyo maana akaegemea kamba. Tyson naye vivyo hivyo: yule wa Juni 1988, aliyemlaza Michael Spinks kwa sekunde 91, si yule aliyeanguka mbele ya Buster Douglas kule Tokyo, Februari 1990.

Tuwachukue wote wawili walipokuwa juu kabisa. Ninampa Ali, raundi ya tisa au ya kumi. Alikuwa na urefu wa sentimita 191, Tyson 178, na mikono yake ilikuwa mirefu zaidi kwa karibu sentimita 18. Douglas alituonyesha Tyson anavyotaabika akikutana na mtu mrefu asiyemwogopa, anayemchoma kwa mkono wa kushoto ulionyooka. Lakini raundi nne za kwanza ningezitazama nimesimama. Konde la kushoto la kupinda ndilo lililompeleka Ali chini kwa Henry Cooper mwaka 1963 na kwa Joe Frazier mwaka 1971, na Tyson alikuwa nalo, zito na la haraka.

Papa, kompyuta ilishaonyesha kwamba Marciano alimpiga Ali. Kwa nini hutaki kukubali? (Mwanafunzi, Kampemba)

Kwa sababu halikuwa pambano. Mwaka 1969 Ali na Rocky Marciano, aliyekuwa amestaafu bila kushindwa katika mapambano 49, waliingia studio wakaigiza raundi nyingi mbele ya kamera, na miisho zaidi ya mmoja ikarekodiwa. Marciano alikufa kwa ajali ya ndege Agosti 31 mwaka huohuo, kabla filamu haijaonyeshwa. Januari 1970 Wamarekani wakaonyeshwa mwisho uliochaguliwa na kompyuta: Marciano akishinda kwa KO, yaani kwa kumwangusha, raundi ya 13. Kabla ya hapo kompyuta hiyohiyo, kwenye mashindano ya redioni, ilikuwa imemshindisha bingwa wa zamani Jim Jeffries dhidi ya Ali, na Ali akaenda mahakamani kudai dola milioni moja. Mashine hurudisha ulichoiwekea. Leo vijana wananitumia video za mchezo wa kompyuta wakiziita ushahidi. Msizitume tena.

Usyk na Marciano? (Motari, Kenya ya hapa Lubumbashi)

Usyk, yule Mukraine wa uzito wa juu. Marciano alipigana akiwa na kilo 84 au 85; leo angewekwa uzito wa kruza, ulio chini ya uzito wa juu, ambao mwisho wake ni kilo 90.7.

Ni kweli Foreman alirogwa Kinshasa? Wengine wanasema kamba zililegezwa. (Mzee, Kamalondo)

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapana. Kamba zililegea kweli, lakini zililegea kwa wote wawili. Foreman mwenyewe aliwahi kudai kwamba maji aliyopewa yalikuwa na ladha ya dawa, kisha miaka ikapita, akakubali kwamba alipigwa, akawa rafiki wa Ali. Tazama hesabu: mapambano yake matatu ya kabla ya hapo, na Frazier, Roman na Norton, yalikwisha kwa jumla ya raundi tano. Mtu huyo anapanda ulingoni saa kumi alfajiri, kwetu saa kumi na moja, katika joto la Kinshasa, anarusha makonde yenye nguvu zote kwa raundi saba dhidi ya mtu anayekinga na kumsemesha. Ya nane ikamkuta hana pumzi. Tukisema uchawi tunamnyang'anya Ali akili yake.

Martin Bakole wetu angemweza Foreman wa 1973? (Kijana, Ruashi)

Hapana, na inaniuma kuandika hivyo. Mtoto huyu wa Kananga ana mikono ya bingwa. Mmarekani Jared Anderson aliiona Los Angeles, Agosti 2024. Lakini Februari 2025 aliitwa Riyadh siku chache tu kabla, bondia Daniel Dubois, aliyekuwa apigane na Joseph Parker, alipougua; akapanda na kilo 140 hivi, na Parker akammaliza raundi ya pili. Kaka yake Ilunga Makabu alipotwaa mkanda wa kruza Kinshasa mwaka 2020 alikuja amejiandaa. Mabondia wetu, kataeni simu za dakika ya mwisho, hata pesa ikiwa nzuri.

Mwanangu ana miaka 14. Kocha anamfundisha kuegemea kamba na kupokea makonde "kama Ali". Ni sawa? (Mama, Katuba)

Mama, mtoe huko leo. Ali alifanya vile kwa sababu hakuwa na njia nyingine usiku ule wa Kinshasa, na hata mazoezini aliwaacha wenzake wampige ili azoee. Oktoba 1980, akiwa na miaka 38, Larry Holmes alimpiga raundi kumi mpaka watu wa kona yake wakasimamisha pambano. Mwaka 1984 madaktari walimwambia ana Parkinson. Mtoto wa miaka 14 afundishwe miguu, kukinga na mkono wa kushoto. Sparingi, yaani kupigana mazoezini, ya kichwani asubiri. Akipigwa akaumwa kichwa au akatapika, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Barafu na kulala havitoshi. Na muulize kocha yeyote, kabla hujalipa: mtoto akizimia hapa, nani anamwona, na gari liko wapi? Asipojibu, rudi nyumbani na mwanao.

Jina moja tu: bora wa nyakati zote? (wengi)

Ali wa 1966. Joe Louis wa 1938 yuko nyuma yake nusu hatua.