Tahadhari Ikilia Usiku, Nani Ataamka?

SWALI: Ofisi yetu ina kompyuta 40 na fundi mmoja. Bosi anataka tuchague programu ya kulinda kompyuta dhidi ya wavamizi wa mtandaoni, kati ya Microsoft Defender for Business, CrowdStrike Falcon na Wazuh. Tuchukue ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya bei, niambie: tahadhari ikilia saa nane usiku, nani ataamka? Nimefanya zamu za usiku miaka mingi nikisoma tahadhari hizo. Mara nyingi programu ilikuwa imemwona mwizi mapema. Aliyekosekana ni mtu wa kuchukua hatua. Hilo bado linaniuma.

Wazuh haina ada ya leseni. Lakini mkiiendesha wenyewe, seva ni juu yenu, na kanuni zake za kuamua lini tahadhari ilie mtazirekebisha ninyi. Kwa fundi mmoja ambaye pia anatengeneza printa, mzigo huo utamlemea. Defender for Business imekusudiwa kampuni zisizozidi watumiaji 300, na kama tayari mnalipia Microsoft 365 Business Premium, imo ndani. Angalieni leo hii! Falcon ni hodari, na huduma yake ya Falcon Complete huja na wataalamu wanaokesha kwa niaba yenu. Ila tarehe 19 Julai 2024 sasisho lake lenye kasoro liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa hiyo mwulizeni kila muuzaji masasisho yake husambazwa vipi.

Mimi ningeijaribu Defender mwezi mmoja kwenye kompyuta tano, nikihesabu tahadhari za uongo kila siku. Zikimshinda fundi wenu, lipieni ufuatiliaji wa saa 24.