Shangazi, nimwambie mume wangu visa ikishatoka?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi wa diploma katika hospitali ya wilaya, mkoa wa Njombe. Nina miaka 34 na huu ni mwaka wa tisa kazini. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, tuna watoto wawili, wa miaka 8 na 3. Kwenye kundi la WhatsApp la wauguzi nimempata ajenti wa Dar anayepeleka watu Ujerumani. Anasema ndani ya miezi mitatu nitakuwa nimeshaondoka, lugha nitajifunzia hukohuko. Anataka milioni sita, nusu kabla ya mwisho wa mwezi huu. Nimeshajaza fomu ya mkopo wa SACCOS, imebaki kuipeleka. Mume wangu hajui. Mwaka jana nilimgusia habari za kwenda nje akanyamaza siku mbili, kwa hiyo nimepanga nimwambie visa ikishatoka, asiwe na pa kukataa. Nakosea? — Mama wa wawili*

Marahaba, mwanangu. Barua yako ina jambo la haraka na jambo zito, nami naanza na la haraka kwa sababu mwisho wa mwezi hauko mbali.

Hiyo fomu usiipeleke.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Tanzania imo. Ujerumani imeweka katika sheria zake kwamba kutafuta wauguzi katika nchi za namna hiyo na kuwaunganisha na waajiri wa Ujerumani ni kazi ya shirika la ajira la serikali yake peke yake, linaloitwa Bundesagentur für Arbeit. Ajenti binafsi akiifanya, anavunja sheria ya nchi ileile anayodai kukupeleka. Awe na ofisi Kariakoo au Masaki, akuoneshe picha za watu aliokwisha kuwasafirisha, hilo halibadiliki. Kwa hiyo huna haja hata ya kumchunguza kama ni mkweli au tapeli.

Na fikiria wadhamini wako ni nani. SACCOS ya kazini hudhaminiwa na wenzako, dada mnayepokezana naye zamu ya usiku, kaka wa maabara. Siku mshahara wako utakapokoma na makato yakakosa pa kukatwa, wao ndio watakaolipia milioni zilizokwenda kwa mtu wa WhatsApp. Sipendi kukutisha, ila hilo naomba ulione kwa macho.

Sasa sikia upande wa pili, maana sitaki uache ndoto yako kwa sababu ya mtu mmoja. Katazo hilo linamhusu anayekutafuta. Wewe mwenyewe hujakatazwa kutuma maombi moja kwa moja hospitalini kule, wala kuomba cheti chako kitambuliwe. Na usijione msaliti wa wagonjwa wako kwa sababu ya orodha ile. Kuhama kwa hiari ni haki yako.

Ila njia yenyewe ni ndefu, na inaanza na Kijerumani. Ili usajiliwe kuwa muuguzi kamili kule wanadai kiwango cha B2, yaani ngazi ya nne kati ya sita za kupimia lugha. Kutoka sifuri hadi hapo ni zaidi ya vipindi 600 vya darasani. Goethe-Institut, kituo cha Wajerumani cha kufundishia lugha yao, iko Dar, wewe uko Njombe, una zamu za usiku na mtoto wa miaka 3. Mimi nakuhesabia mwaka mmoja na nusu, ukijituma kwelikweli. Anayekuambia lugha utajifunzia hukohuko hakutakii mema.

Halafu kuna vyeti. Watachukua diploma yako, orodha ya masomo na saa zake, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga na barua za kazi, wavilinganishe na mafunzo yao, ambayo ni miaka mitatu na saa 4,600 za darasani na wodini. Palipo na pengo, miaka yako tisa kazini inaweza kuziba sehemu. Panapobaki, utafanya mtihani au mafunzo ya nyongeza kulekule, na kwa kawaida muda huo unafanya kazi kama msaidizi. Tofauti yake si ndogo. Julai 2025 kima cha chini katika utunzaji wa wazee kiliwekwa kuwa yuro 16.10 kwa saa kwa msaidizi asiye na mafunzo, na 20.50 kwa muuguzi kamili. Tena hiyo ni kabla ya makato, na kwa anayeishi peke yake kodi na michango huondoka na karibu theluthi. Nakutajia hesabu hizi usije ukaanza kumwaga msingi wa nyumba Makambako kwa mshahara ambao bado si wako.

Nimefika kwenye jambo zito. Mdogo wangu wa kike alikwenda Muscat miaka mingi iliyopita. Alimwambia mumewe siku sita kabla ya kupanda ndege, pasipoti na tiketi vikiwa mkobani. Alikwenda kweli, akafanya kazi, akatuma pesa. Ndoa haikupona. Nilidhani ni umbali, hadi shemeji yangu aliponieleza mwenyewe. Alisema kuondoka angekuzoea. Kilichomkaa kooni ni ile miezi minane ya kula meza moja na mtu anayeandaa safari, huku yeye akimuuliza kila jioni, "Umeshindaje?" na kujibiwa, "Salama."

Wewe unapanga mwaka mmoja na nusu wa kujibu salama. Madaftari ya Kijerumani utayaficha wapi, mwanangu, kwenye nyumba ya mwalimu?

Kimya chake cha siku mbili umekisoma kama hapana. Mimi sijui kilikuwa na nini ndani, na wewe pia hujui, kwa kuwa hukumuuliza. Pengine alijiona akiwaogesha watoto peke yake. Pengine aliwaza mama yake atasema nini. Pengine alijiuliza yeye mwenyewe atakuwa nani kule, na hapo ana haki ya kujiuliza. Kibali chako kikikamilika na kipato kikatosha, familia inaweza kuomba kukufuata, na mwenza huruhusiwa kufanya kazi. Lakini ualimu nao una utambuzi wake na unataka Kijerumani cha juu zaidi kuliko chako, kwa hiyo huenda akaanzia stoo au jikoni. Mtaa mzima unamwita mwalimu. Mwache aupime mzigo huo kabla haujampata.

Mdogo wenu, mambo yakienda vizuri, atakuwa na miaka 5 utakapoondoka. Atabaki na nani? Kwa muda gani? Maswali haya hayana jibu la mtu mmoja.

Najua unahisi umechelewa. Hujachelewa. Umri unaoleta masharti ya ziada ya mshahara au pensheni kwa anayeingia Ujerumani kufanya kazi mara ya kwanza ni zaidi ya miaka 45. Ukianza lugha mwaka huu, unaondoka na 36.

Jambo dogo la mwisho: usiitoroke kazi. Utumishi wa umma unahesabu utoro baada ya siku tano tu, na ukifukuzwa, barua nzuri ya mwajiri, ambayo Wajerumani wataitaka, utaiomba kwa nani? Uliza mapema kuhusu likizo bila malipo. Uliza pia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kwa sababu pensheni inataka miezi 180 ya michango, na wewe bado hujapita 108.

Jumamosi hii, mdogo akishalala, itoe fomu ya SACCOS mkobani umuoneshe baba watoto. Mwambie, "Hii nilitaka kuipeleka bila wewe kujua." Atakasirika, labda atanyamaza tena. Ukiona amenyamaza, safari hii usiondoke, wala usiwashe televisheni. Kaa hapo hapo, umuulize anawaza nini.