Plastiki iliyogeuka manjano na jua la kwetu: maswali na majibu

Maswali ya safari hii yanahusu vichezeo vya zamani: matofali ya Lego, wanasesere, magari madogo na mashine za michezo zilizokuwa nyeupe au kijivu na sasa zina rangi ya siagi. Tumeyafupisha.

Nina matofali meupe ya Lego ya watoto wangu, ya miaka ya 1980. Yalikaa kwenye sanduku darini na yamegeuka manjano. Jirani ananiambia niyaanike. Si jua hilo hilo ndilo linaloharibu plastiki? — Mwalimu mstaafu, Kakamega

Mwalimu, jirani amesema kweli, na shaka yako pia ina msingi. Matofali hayo ni ya plastiki iitwayo ABS, ambayo Lego imeitumia tangu 1963. Ndani ya ABS mna chembe za mpira zinazoizuia kupasuka inapoanguka. Mpira huo huungana na oksijeni polepole na kuzaa molekuli zinazomeza mwanga wa bluu, na kitu kinachomeza bluu jicho hukiona manjano. Kazi hiyo haihitaji jua. Joto la dari chini ya mabati linatosha kabisa, hata gizani, na ndiyo maana matofali yako yameharibika bila kuona mwanga kwa miaka.

Sasa jua. Miale yake ya urujuanimno huichokoza plastiki na kuanzisha manjano mapya. Lakini mwanga wake wa bluu, ule tunaouona, humezwa na zile molekuli za manjano na kuzivunja. Plastiki iliyokwisha kugeuka ikianikwa huku imepoa, kuvunja hushinda kuzaa, na weupe hurudi. Ikipata moto, manjano hushinda. Kwa hiyo anika, mwalimu, ila chunga joto kuliko unavyochunga jua.

Kakamega mvua hupenda kuja alasiri, basi toa vitu saa tatu asubuhi na uviingize saa nane. Hutakuwa umepoteza mengi: upande huu wa nchi jua hufika juu kabisa karibu saa sita na dakika arobaini.

Nauza vichezeo vya mitumba hapa soko la Kibuye. Naomba hatua zenyewe, na siku ngapi. Ni lazima ninunue peroksaidi, ile dawa ya kung'arisha nywele? — Mfanyabiashara, Kisumu

Si lazima, na kwa biashara yako tungeanza bila hiyo.

Osha kwanza. Vumbi jekundu na mafuta ya mikono huziba mwanga na kuacha mabaka. Tumia sabuni ya vyombo, mswaki mkuukuu na maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40. Toa betri, fungua kwa bisibisi, weka kando kila chuma, sakiti, raba na kitambaa. Stika na michoro iliyopakwa rangi ifunike kwa karatasi ya foili, ukibandika kingo zake kwa selotepu ya karatasi, ile ya mafundi wa rangi, kwa sababu haiachi gundi.

Kisha chukua beseni jeupe au kontena ya kuonyesha ndani, panga vipande visilaliane, mimina maji safi yavifunike kwa sentimita mbili au tatu. Maji hayasafishi manjano. Kazi yake ni kupoza. Vipande vyenye uwazi ndani huelea kwa hewa iliyonaswa, basi vizamishe vikiwa vimelala ubavu hadi mapovu yatoke, au vigandamize kwa kipande cha kioo. Weka beseni juu ya ubao au kiti, mbali na ukuta unaorudisha joto. Maji yakiwa ya moto mkononi, badilisha. Yabadilishe pia kila asubuhi, la sivyo siku ya tatu utakuta utelezi wa kijani.

Geuza vipande kila saa moja au mbili. Mnamo Juni jua letu la adhuhuri limeegemea kaskazini na Desemba kusini, kwa hiyo upande mmoja hubaki nyuma hata siku ya jua kali.

Kuhusu siku, manjano hafifu kwa kawaida huonyesha tofauti baada ya siku tatu hadi saba, kila siku ikipata jua kwa muda wa saa tano hivi. Rangi ya chai inaweza kudai wiki mbili na zaidi. Usitegemee kumbukumbu yako, na usitegemee picha ya simu, maana kamera hurekebisha rangi yenyewe. Funika nusu ya kipande kimoja kwa foili tangu siku ya kwanza. Kila jioni fungua ulinganishe. Weupe ukishaanza kurudi, kisha siku tatu zikapita bila badiliko zaidi, acha hapo. Siku za ziada huichosha plastiki bure.

Peroksaidi huharakisha, nayo ina gharama zake. Chupa zake huandikwa kwa asilimia au kwa "vol": 10 vol ni asilimia 3, 20 vol ni asilimia 6, 40 vol ni asilimia 12. Asilimia 6 inatosha. Mimina kwenye kontena ya kuonyesha ndani, mfuniko uuegeshe tu bila kuubana, kwani hutoa oksijeni na chombo kilichofungwa kinaweza kupasuka. Vaa glavu na miwani. Angalia kila saa moja. Mara nyingi jumla ya saa nne hadi nane za jua zinamaliza kazi. Peroksaidi ya krimu ya saluni tunaiepuka: hukauka mahali pamoja na kubaki mbichi pengine, na plastiki hutoka na michirizi kama ya marumaru. Michirizi hiyo kuiondoa ni vigumu kuliko manjano yenyewe.

Niliweka gari la kuchezea juu ya mabati ya jikoni ili lipate jua vizuri. Kioo chake chembamba kimejikunja na magurudumu yamelegea. Kosa liko wapi? — Nakuru

Kosa ni mabati. Jua la adhuhuri huyapasha kiasi cha kuunguza kiganja, na gari lililolala juu yake hupata moto wa chini na wa juu kwa pamoja. ABS nene hulainika karibu na nyuzi 100, lakini vipande vyembamba hutoka kiwandani vikiwa na mvutano ndani yake, na hujikunja mapema zaidi. Magurudumu ya plastiki laini iitwayo vinili hayahitaji hata nusu ya taabu hiyo. Dashibodi ya gari lililofungwa vioo ni mbaya vilevile.

Inasikitisha zaidi kwa sababu Nakuru ni pahali pazuri kwa kazi hii. Mji uko mita 1,850 hivi juu ya bahari, Kisumu ni karibu 1,130. Mwanga wenu ni mkali na hewa yenu ni baridi zaidi. Tumia maji ya beseni. Kama ni maji ya kisima, suuza na ufute kabla hayajakauka, maana chumvi zake huacha madoa meupe ambayo watu hudhani plastiki imeungua.

Nimeloweka kwenye Jik usiku kucha na hakuna kilichobadilika. Niongeze? — Bungoma

Usiongeze. Klorini iliyo kwenye Jik hutoa uchafu na madoa ya juu, lakini manjano haya yamo ndani ya plastiki yenyewe. Utakachopata ni springi zilizoshika kutu na uso uliofifia. Suuza vizuri sana kabla ya kujaribu njia nyingine yoyote. Jik isikutane kamwe na siki, kwani hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, wala na peroksaidi, ambayo huchemka nayo kwa nguvu.

Nitajuaje kama kitu ni ABS? Beseni zetu zikiachwa nje huwa kama chaki na kupasuka. — Busia

Umegusa jambo kubwa. Beseni na ndoo nyingi ni za polipropilini au polithini, na hizo jua huzila hadi zinatoa unga. Vichezeo vya aina hiyo visianikwe kabisa.

Kipimo rahisi ni maji. Polipropilini na polithini ni nyepesi kuliko maji, hivyo kipande kisicho na hewa ndani huelea. ABS huzama. Lakini si kila kinachozama ni ABS: vinili huzama pia, na polistirini, ile plastiki ya kung'aa inayolia kama bati ukiigonga na kuvunjika kwa vipande vikali, nayo huzama, na yenyewe hugeuka manjano juani. Tazama chini au ndani ya mfuniko wa betri. Mara nyingi herufi ABS zimechapwa hapo. Zisipokuwepo, chukua kipande kimoja kisicho na thamani ukijaribu juani kwa siku chache.

Mwanasesere wa mama yangu, ngozi yake imekuwa ya kunata na ina harufu. Naye nimwanike? — Kericho

Hapana, mama. Huyo ni wa vinili laini, na kinachonata ni mafuta ya kulainishia yanayotoka ndani. Joto huyafukuza zaidi. Mpanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, mkaushe, mweke mahali pa baridi penye hewa, asifungwe kwenye mfuko wa plastiki. Kunata kutarudi; utampangusa tena. Na kama ni mwanasesere wa zamani zaidi, mwepesi na mgumu, anayetoa harufu ya kafuri ukimsugua, huenda ni wa seluloidi. Huyo hushika moto haraka mno. Mweke kivulini, mbali na jiko na mishumaa.

Mashine yetu ya michezo, Super Nintendo, ina nusu ya juu ya manjano na ya chini bado kijivu. Kwa nini? — Eldoret

Nusu hizo zilitoka kwenye michanganyiko tofauti ya plastiki. Plastiki za vifaa vya umeme huongezewa dawa za kuzuia moto, nyingi za bromini, na kiasi au aina yake ilibadilika kutoka mkupuo mmoja hadi mwingine. Anika ganda la juu peke yake, tupu kabisa, na ulilinganishe na la chini kila jioni. Likifikia kijivu cha mwenzake, ondoa siku hiyo hiyo. Kama una Game Boy pia, ile mashine ndogo ya mkononi, kioo chake kisiende juani wala majini: utando ulio juu yake huharibika na maandishi hayasomeki tena.

Na rangi nyingine? — Kitale

Nyeupe na kijivu ndizo salama. Bluu iliyogeuka kijani hurudi vizuri, kwa kuwa kijani hicho ni manjano yaliyolala juu ya bluu. Nyekundu na waridi hufifia, tungeziacha. Tena, baadhi ya plastiki nyekundu na njano za miaka ya 1970 na 1980 zina kadimiamu, metali yenye sumu, kwa hiyo usizipige msasa, na usimpe mtoto anayetia vitu mdomoni.

Manjano yatarudi? — Mwalimu yule yule

Mengine yatarudi, mwalimu. Mpira ulio ndani ya ABS bado upo, na hakuna jua wala dawa inayouondoa. Matofali yakirejea darini chini ya mabati utayakuta tena hivyo. Yaweke chumba cha baridi, kwenye rafu inayopata mwanga wa kawaida wa mchana usio wa jua la moja kwa moja, na manjano yakianza kuonekana yape siku moja au mbili za beseni kabla hayajakolea.