Shangazi, nianze na nguzo au kitambaa?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, naishi Shella, Malindi. Mwalimu mmoja ameanzisha darasa la sarakasi za hewani katika ukumbi ulio karibu na ufuo. Jioni moja ni ya nguzo ya chuma, nyingine ni ya vitambaa vinavyoning'inia darini. Nimetamani sana, na mume wangu hana neno mradi nijisitiri. Lakini nina kilo 83 na sijawahi hata kujivuta kwenye tawi la mwembe. Nianze na lipi? Au ningoje kwanza nipate nguvu?
Mama Wawili, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usingoje. Nguvu unayoitafuta hupatikana huko huko darasani.

Anza na kitambaa, na sababu yangu ni ngozi. Nguzo ile ni nyororo, unene wake kwa kawaida ni milimita 45, na kinachokuzuia usiteleze ni ngozi ya mapaja na ya nyuma ya goti inapogusana na chuma. Ndiyo maana wanaoicheza huvaa kaptura fupi, hawajionyeshi. Kitambaa chataka kinyume chake. Kikikuteleza mwilini huunguza ngozi iliyo wazi, kwa hiyo taiti ndefu na fulana ya mikono mirefu ndiyo kinga yako. Stara ya mumeo na usalama wako vimekutana hapo. Mtandio uubane bila pini, maana pini moja hutoboa kitambaa kinachokubeba. Pete na bangili ziache nyumbani.

Ukija kuonja nguzo siku moja, nakuomba jambo. Darasa langu la kwanza lilikuwa la nguzo, nami nilitoka nyumbani nimejipaka mafuta ya nazi kama kawaida yangu. Nilishika juu, nikakunja goti la kulia kwenye chuma, nikainua mguu wa pili, nikaporomoka hadi sakafuni. Mwalimu aliifuta nguzo kwa spiriti mara tatu, na bado binti aliyenifuata akateleza. Kile kilinisikitisha kuliko goti langu. Siku ya darasa usipake mafuta wala losheni, si mikononi wala miguuni.

Kwenye kitambaa, omba uanze na bembea: kitambaa kimoja kilichofungwa ncha zote mbili juu, kikashuka hadi usawa wa nyonga. Unakaa, unaegemea, unajifunza kusimama ndani yake, na uzito wako unabebwa na kitambaa. Kupanda kitambaa kilichonyooka kutakuja baadaye, na siri yake iko miguuni. Mguu mmoja huzungushiwa kitambaa, wa pili hukikanyaga na kukibana, kisha unasimama. Mtazame mkwezi anayepanda mnazi kwa kamba miguuni: mikono yamshikilia, miguu ndiyo inayompandisha. Ukining'inia, shusha mabega mbali na masikio, usije ukaumia viungo.

Kilo 83 hazinitii hofu hata kidogo. Dari ndiyo inayonitia hofu. Kumbi nyingi za kwetu ni makuti juu ya boriti za mikoko, na boriti huweza kuliwa na mchwa kwa ndani huku nje iko nzima. Mtu akishuka kwa ghafla, mzigo unaoivuta dari huwa mara kadhaa ya uzito wake. Kabla hujavua viatu, inua macho umuulize mwalimu: kimefungwa wapi, nani alikagua, na lini? Kulabu za kufungia huandikwa nguvu zake kwa kilonyutoni (kN), kipimo cha mzigo zinaoweza kuubeba, nyingi ni 22 au zaidi. Akuonyeshe maandishi hayo. Angalia na kutu, maana hewa yetu ya chumvi hula chuma upesi. Mwalimu anayeijua kazi yake atafurahi kuulizwa. Akikasirika, chukua mkoba wako urudi nyumbani.

Chini pawe na godoro nene. Kula angalau saa mbili kabla. Kama una mimba, presha, au presha ya macho, muone daktari kwanza, kwa kuwa utageuzwa kichwa chini. Na kesho yake utakuta ngozi imevilia damu mapajani na nyuma ya magoti. Ni kawaida kwa mgeni, huisha baada ya siku kadhaa. Mwambie mumeo mapema, asije akashtuka.