Re: Chatu wa kwanza, nianze na nyoka au na tangi?

Salama ndugu. Unauliza kama umchukue huyo chatu wa aina ndogo (Python regius) wikendi hii, tangi la kumfugia lifuate baadaye. Hapana, anza na tangi. Washa vifaa vyake vya joto wiki nzima likiwa tupu uone kama joto linatulia: upande mmoja nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili 25 hadi 27. Mkeka wa joto wa umeme usiuwashe bila themostati (kifaa cha kudhibiti joto), maana nyoka anaweza kulala juu yake ukamuunguza na asiondoke. Maficho yawe mawili, moja kila upande, yenye kumbana kiasi. Likiwa moja tu, atang'ang'ania hapo hata kama joto halimfai. Mfuniko utie komeo. Penye nafasi ya kichwa, mwili hufuata.

Kwa muuzaji, kwanza uliza kama amezaliwa kwa mfugaji au amekamatwa porini. Wa porini achana naye. Kisha omba umwone akila panya aliyegandishwa na kuyeyushwa. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko maneno yote. Hata hivyo usishangae akigoma baadaye. Wangu hususia chakula miezi kadhaa, nami huangalia mizani tu. Uzito usiposhuka sana, namwacha.

Akifika nyumbani, mpe kama wiki bila kumshika wala kumlisha. Akishakula, siku mbili usimguse, anaweza kutapika.

Na kibali cha kufuga ukiulizie kabla hujalipa. Huyu huishi miaka 20 hadi 30.