Jibu: Chapati za Pancake Day kutoka nene na ngumu

Dada, umesema chapati zako za Pancake Day (siku ya Waingereza ya kula chapati za mayai na maziwa) zilitoka nene na za kuvutika kama mpira. Nadhani ulitumia unga uliokwisha kutiwa beking pauda. Huo unafaa zile za Kimarekani. Za Waingereza ni nyembamba, jamaa wa chapati zetu za maji, ila ndani hazina sukari wala iliki.

Unga wa ngano wa kawaida gramu 100, mayai 2, chumvi kidogo, maziwa mililita 300. Maziwa uyatie kidogo kidogo, la sivyo madonge hayatakuacha. Mabonge yakiisha, acha kukoroga: ukizidisha, unga unavutika, na huo ndio mpira wako. Pumzisha nusu saa.

Kikaango kiwe cha moto kweli, mafuta ya kupaka tu. Ya kwanza huharibika karibu kila mara kwa sababu kikaango hakijapata moto sawasawa, mpe mtoto. Geuza kingo zikianza kujinyanyua.

Juu yake sukari na limau (ndimu si mahali pake).

Tarehe ya Pancake Day hubadilika kila mwaka kwa kuwa ni Jumanne siku 47 kabla ya Pasaka, mkesha wa Kwaresima, zamani siku ya kumaliza mayai na mafuta.