Jibu: Mpigaji anaponyamaza katikati ya simu
Habari za kazi, ndugu. Umeuliza ufanye nini mpigaji anaposema amechoka kuishi kisha akanyamaza, nawe ni msaidizi wa mwanasaikolojia mwenye mwezi mmoja tu kazini hapo Arusha.

Kwanza hakikisha usalama wake: muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, yuko na nani, na kama kitu cha kujidhuru kiko karibu naye, kwa sababu kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo bali humpa nafasi ya kulitamka. Wakati huohuo mwandikie msimamizi wako kikaratasi. Uamuzi wa kutafuta msaada wa dharura usiubebe peke yako, na usimwahidi mpigaji siri isiyo na mipaka.

Kuhusu ukimya, usikate simu. Hapa Moshi mama mmoja alininyamazia dakika nne nzima, nikisikia mvua juu ya bati tu, nami nikarudia taratibu, “Bado nipo, mama,” mpaka akaniuliza kama kweli nina muda.

Akiwa mtoto, mweleze pia kuhusu namba 116, simu ya msaada kwa watoto hapa Tanzania. Zamu za usiku sikuwahi kuzishika, hivyo hizo waulize wenzako wanaozifanya.